Tusimchujie Mgeni Maswali

Muhula huu Chama cha Habari cha shule yetu kilitangaza paredi kwamba kitaanzisha kipindi cha mazungumzo na wataalamu wa kazi mbalimbali: daktari, mwanasheria, mhandisi, bwana shamba, mtu wa benki na wengineo. Kipindi kitarekodiwa kwa simu ya mwalimu mlezi, katika chumba kilichopangwa magodoro ukutani ili kuzuia mwangwi. Jumamosi usiku kitasikilizwa bwaloni kwa spika, na wazazi nao watatumiwa kwa simu zao.

Kipindi cha namna hii, ambacho huwekwa ili kila mtu akisikilize wakati autakao, huitwa podikasti. Jina lenyewe ni geni, maana lilitokea katika gazeti la Uingereza mwaka 2004. Lakini kusikiliza wataalamu na kisha kujadiliana si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 Watanzania wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio vya "Mtu ni Afya", wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba zao. Basi wazee wetu walitutangulia.

Jambo hili naliunga mkono kwa moyo wote. Walakini katika tangazo lile mna sharti moja ambalo naomba ruhusa ya kulipinga, kwa heshima zote. Ilisemwa kwamba maswali yaandikwe mapema, yachujwe na kamati, na yale yatakayofaa yasomwe na mwanafunzi mmoja aliyeteuliwa, ili shule isije ikaaibika mbele ya mgeni. Mimi naona swali lililochujwa mara tatu ni kama tui la nazi iliyokamuliwa mara tatu: bado laitwa tui, lakini ni maji matupu.

Ndugu wasomaji, nawakumbusha habari ya mwanafunzi mwenzetu wa zamani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo wayatie katika friji. Siku moja nafasi ilikuwa karibu kwisha. Mpemba akaogopa kuikosa, akayatia maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu aliyakuta yamekwisha kuganda, na ya mwenzake, aliyeyatia bila ya kuyachemsha, yangali uji mzito. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo darasa zima likapata mzaha wa kumtania.

Kisha Mkwawa ilitembelewa na Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi waliporuhusiwa kuuliza, Mpemba alisimama. Akauliza kwa nini maji yenye nyuzi 100 yakitiwa katika friji huganda kabla ya maji yenye nyuzi 35. Wenzake walicheka, na baadaye wakamwambia kwamba amewaaibisha. Mgeni hakumdharau. Alimwuliza kama kweli amelijaribu jambo hilo, akakiri kwamba hajui sababu yake, akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam. Na ahadi yake akaitimiza. Mwaka 1969 makala ya watu hao wawili ilichapishwa katika jarida la elimu ya fizikia huko Uingereza, na hata leo jambo hilo lajulikana duniani kote kwa jina la Mpemba. Wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 wachunguzi wengine walipima tena, wakasema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, swali lingali hai zaidi ya miaka 50 baadaye.

Sasa nauliza: kama Mkwawa siku ile ingekuwa na kamati ya kuchuja maswali, swali la Mpemba lingepita? Mimi nasema lisingepita. Lingekuwa la kwanza kutupwa, maana kila mtu alikwisha kuamua kwamba ni la kipumbavu.

Pengine mtaniambia kwamba Mpemba ni mmoja katika maelfu. Basi nitasema lililonipata mimi, ambaye si Mpemba. Mwaka jana, muhula wa kwanza, tulitembelewa na mtaalamu wa kilimo. Maswali matano yalichaguliwa, na yote yalikuwa mazuri: juu ya uchumi wa taifa, juu ya vijana na ajira, na mengineyo. Langu liliachwa. Nilikuwa nimeuliza hivi: mahindi yakiota ukungu, je, yakioshwa na kupikwa vizuri yafaa kuliwa? Aliyekuwa akipokea karatasi alinirudishia yangu akaniambia kwamba hilo ni swali la jikoni, si la mgeni mkubwa. Nikaona haya, nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Likizo ya Juni nilipokwenda nyumbani nilikuta mvua imeyawahi mahindi yetu uwanjani, na magunia mawili yameota ukungu. Mama aliyachambua, akayaosha, akayaanika, akayasaga. Tulikula ugali wake mwezi mzima, na mdogo wangu wa miaka mitatu akala pamoja nasi. Mama hana kosa, maana alifanya kila alilolijua. Mimi ndiye niliyetumwa shule ili nilete nyumbani wasiyoyajua, nami nilirudi na swali lile lile mfukoni.

Muhula uliofuata bweni letu lilikuwa zamu ya kupakua mahindi ya shule. Mtunza stoo wetu, ambaye sote twamwita Mzee, alituzuia tusishushe kwanza. Alichukua chupa ya soda iliyo kavu kabisa, akatia mahindi kiasi, akatia chumvi kavu, akaitikisa kwa muda, akaiweka chini. Chumvi ikashika kwenye kioo cha chupa. Akamwambia mwenye gari, "Mwanangu, haya yana maji. Yarudishe ukayaanike."

Nilimwuliza, "Shikamoo Mzee, chumvi imekwambia nini?"

Akanieleza pale pale. Chumvi ikishika chupani, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, na mahindi mabichi yakiwekwa guniani huota ukungu. Kuna ukungu unaotoa sumu, nayo huitwa sumukuvu. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Ikiliwa nyingi huua, kama ilivyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini. Aliongeza kwamba mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasianikwe juu ya udongo mtupu.

Nilisimama pale nikimfikiria mdogo wangu. Namshukuru Mungu, hajaugua. Lakini jibu ambalo mgeni wetu angalilitoa kwa dakika moja lilinifikia baada ya ugali kuliwa.

Kwa habari hii nimejifunza mambo mawili. La kwanza, swali la jikoni laweza kuwa swali la uhai, na anayelijua uzito wake ni yule aliyetoka nalo nyumbani. La pili, mtaalamu si lazima avae tai. Mzee hana shahada, lakini kwa miaka mingi amekilinda chakula cha shule nzima, na hapana hata mmoja wetu aliyepata kumwuliza anafanyaje.

Najua wanakamati wana hofu zao, na nyingine ni za haki. Wapo wenzetu watakaouliza mshahara wa mgeni, na wapo watakaotaka kuchekesha bwalo. Dawa yake ni nyepesi. Swali la matusi au la kumdhalilisha mtu lizuiwe. Mengine yote yaingie katika sanduku, yachanganywe, na mwenye swali litakalotoka aulize kwa kinywa chake mwenyewe, kwa Kiswahili akipenda, ili akijibiwa nusu aweze kuuliza tena. Mgeni naye aambiwe mapema kwamba kwetu neno "sijui" si aibu, mradi aahidi kutafuta jibu kama alivyofanya Dk. Osborne. Na jibu likipatikana, lisomwe katika kipindi kinachofuata.

Ama kuhusu muda, ni heri maswali matatu ya kweli kuliko kumi ya kupamba. Na kuhusu aibu, nasema kwamba mgeni hatacheka shule yenye maswali madogo. Atashangaa shule yenye wanafunzi wengi isiyo na swali hata moja la kwao.

Mwisho nina ombi moja. Kabla ya kuandika barua za kuwaalika wakubwa kutoka mjini, mgeni wetu wa kwanza awe Mzee wa stoo, na chupa yake, na chumvi yake. Atakuja bila nauli, maana yupo hatua chache tu kutoka bwaloni. Kipindi hicho kitumwe kwa wazazi wote kabla ya mavuno. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nami naongeza kwamba anayezuiwa kuuliza hana la kupeleka nyumbani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne