Bwawa Lina Mwenyewe: Mtoto Akifa Maji Hotelini, Nani Ataulizwa?

Mtoto anapokufa maji katika bwawa la kuogelea la hoteli, maneno mawili hayakosekani. Mwenye hoteli husema: "Mzazi wake alikuwa wapi?" Na waliokuja mazikoni husema: "Siku zake zilikuwa zimefika." Kisha mtoto huzikwa, na kiingilio huendelea kutozwa. Ndugu wasomaji, neno la kwanza ni nusu ya kweli, na la pili ni kweli iliyowekwa mahali pasipo pake.

Kwamba hakuna litokealo nje ya elimu ya Mwenyezi Mungu, hilo hakuna Mwislamu alikanaye. Lakini kudra haimfutii mzembe deni lake. Sheria ya Kiislamu imeweka diya na kafara hata juu ya aliyeua bila kukusudia. Wala wanazuoni hawakulisahau jambo la maji. Katika Minhaj at-Talibin, kitabu cha Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 1277) kinachojulikana sana kwa masheikh wa Kishafi wa pwani yetu, imeelezwa kwamba mtoto akikabidhiwa kwa mwalimu wa kuogelea ili amfundishe, kisha akafa maji, diya yake ni wajibu. Vilevile aliyechimba kisima katika njia ya watu pasipo haki hudhaminishwa kwa anayetumbukia. Zama hizo hapakuwa na hoteli za kitalii, lakini msingi umesimama: aliyepokea mtoto amepokea amana, na aliyechimba shimo asidai kuwa shimo halina mwenyewe.

Bahari haina mwenyewe. Bwawa la hoteli lina mwenyewe, lina leseni na lina bei. Limechimbwa kwa makusudi, likapambwa livutie macho, na pembeni pakawekwa bembea ili watoto waje. Mtu aliyewaita watoto kwa tamaa ya fedha, kisha akabandika kibao kisemacho "Ogelea kwa hatari yako mwenyewe", anamwandikia nani? Mtoto wa miaka 3 hasomi.

Wala tusiseme kuwa kinga haijulikani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi hufia mitoni, ziwani na visimani, ambako kuweka kinga ni kazi ngumu. Bwawani ni kazi nyepesi. Tafiti zilizolinganishwa pamoja zimeonyesha kuwa uzio hupunguza hatari ya mtoto kuzama bwawani kwa karibu robo tatu, na kwamba uzio wa pande zote nne, wenye lango linalojifunga lenyewe, ni bora kuliko ule ulioacha upande mmoja kwa mlango wa jengo. Nchini Marekani, mjukuu wa James Baker, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alikufa mwaka 2002 akiwa na miaka 7 baada ya kunaswa na mvuto wa tundu la kutolea maji. Mwaka 2007 ikatungwa sheria ya kulazimisha vifuniko vya usalama katika matundu hayo. Kifuniko hicho ni gharama ndogo kwa mwenye hoteli.

Na mlinzi? Mhudumu anayepeleka soda mezani si mlinzi wa bwawa. Methali husema mfa maji haachi kutapatapa, na wengi hungoja kuona huko kutapatapa. Lakini mtoto mdogo mara nyingi huzama kimya, kwa muda wa dakika chache tu, watu wazima wakiwa hatua kumi kutoka alipo. Anayelinda ni yule asiye na kazi nyingine ila kutazama maji.

Nasi wazazi tusijitoe. Kulipa kiingilio si kuuza wajibu. Mtoto asiyejua kuogelea awe mahali ambapo mkono wa mzazi unamfikia, wala simu isiwe baina ya jicho na maji.

Oktoba 1, 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto wapatao 20 walikufa katika msongamano ndani ya ukumbi wa disko mjini Tabora. Tangu hapo "disko toto" limekemewa, na ni haki likemewe. Lakini siku hiyohiyo ya Idi watoto hupelekwa pia mabwawani, na huko tunanyamaza, kana kwamba mauti hukaa penye muziki tu.

Basi kamati za misikiti na walimu wa madrasa, kabla ya kukodi basi kupeleka watoto kwenye bwawa, waulize mambo manne: Je, kuna uzio wa pande zote? Je, kuna mlinzi aliyefunzwa kuokoa na kurudisha pumzi? Je, kina kimeandikwa, na maji ni safi hata sakafu yaonekana? Je, matundu yamefunikwa? Likikosekana moja, fedha zisitolewe. Mwenye hoteli asiyesikia khutba atasikia sanduku lake likiwa tupu. Na wanaotoa leseni wayaulize hayo kabla ya msiba, kwani kuunda tume baada ya mazishi hakumrudishii mama mwanawe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zetu kabla hatujaulizwa juu yake. Amin.