Miwani ya Ulaya, umeme wa Bunia

Wiki hii nimepokea simu tatu juu ya kitu kimoja: ile miwani mikubwa inayofunika macho yote na kukuingiza ndani ya mchezo wa ordinateri kama vile uko humo kwa mwili wako. Kwa Kiswahili cha vitabu wanaiita miwani ya uhalisia pepe. Vijana hapa Bunia wanasema tu "miwani ya Ulaya", na mimi nitasema hivyo hivyo.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja anayeishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze. Kaka yake aliye Ubelgiji alimtumia mwanaye miwani hiyo ili aanze kazi. Familia ikakopa pesa, ikanunua ordinateri ya mezani iliyokwisha tumika, ikapanga chumba kando ya barabara. Franka elfu moja kwa dakika kumi. Siku nne za kwanza watu walipanga mstari. Siku ya tano, miwani ikabaki nyeusi. Fundi akaja, akatazama, akaomba dola 40 ili afute kila kitu na kuanza upya.

"Mwanangu," mama aliniambia, "wewe unajua mambo ya mitambo ya redio. Kuja uangalie mbele tulipe."

Mimi si fundi wa ordinateri. Lakini katika redio ndogo mwandishi ndiye anayeshona waya pia, na jambo la kwanza tunalojifunza ni kufuata waya kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Nikafanya hivyo. Nyuma ya ile ordinateri kuna matundu mawili yanayofanana kabisa ya kuingizia waya wa picha. Moja ni la ordinateri yenyewe, lingine liko chini, kwenye kadi ya picha, ile yenye nguvu inayoendesha michezo. Mtu alifagia chumba, akachomoa, akarudisha waya katika tundu la juu. Ni hayo tu. Tukauteremsha chini, tukawasha upya, miwani ikaona.

Dola 40 kwa tundu. Ninasema wazi: fundi anayeanza kwa kufuta kila kitu hajatafuta ugonjwa. Angalia kwanza waya wa picha, kisha waya wa USB, maana miwani nyingi za namna hii zinataka lile tundu la USB la haraka, ambalo mara nyingi ndani yake kuna rangi ya buluu. Zima, washa. Tazama kama programu ya kadi ya picha si ya zamani. Kufuta kila kitu kunakuja mwisho, na hapa kwetu ni hasara kubwa kwa sababu kila mchezo unaofutwa lazima ushushwe tena kwa intaneti ya kununua.

Nilipokaa pale hadi jioni nikaona kwamba tundu lilikuwa shida ndogo. Umeme ulikatika mara mbili. Ordinateri ya mezani haina batri, inakufa palepale, mteja akiwa katikati ya mchezo, na anataka arudishiwe pesa yake. Jenereta ya jirani nayo inatoa umeme unaopanda na kushuka. Picha inatoweka sekunde moja, inarudi, inatoweka tena. Watu wanalaumu miwani. Kama mjomba angeuliza, angetuma kwanza kifaa cha kutuliza umeme chenye batri ndani yake, na miwani ingefuata.

Halafu vijana walikuwa wamefunga dirisha ili chumba kiwe kama sinema. Miwani hii inajua uko wapi kwa kamera ndogo zilizo usoni pake. Zinatazama kuta na meza. Katika giza hazioni kitu, na mikono ya mchezaji inaruka huku na huku. Basi fungua dirisha. Lakini usiiache miwani mezani huku vioo vyake vya ndani vikitazama jua! Vioo hivyo vinakusanya jua kama lenzi ya kuwashia karatasi, na ndani ya muda mfupi sana vinaunguza skrini. Hiyo haina dawa. Jua letu la saa sita hapa karibu na ikweta halina huruma.

Kuna motari mmoja aliyetoka mle akitapika, akasema amerogwa. Hakurogwa. Miwani nyingi za ordinateri zinataka picha kama 90 kila sekunde. Ordinateri ikishindwa, unageuza kichwa na picha inachelewa kufuata. Macho yanasema jambo moja, masikio ya ndani yanasema lingine, tumbo linakataa. Mchezo Half-Life: Alyx wa mwaka 2020, ambao vijana wote wanautaja, unaomba walau kadi ya picha ya GTX 1060 na RAM ya gigabaiti 12. Ordinateri ya yule kijana haifikii hapo. Nilimwambia aache ndoto hiyo, abaki na Beat Saber, ule wa kukata matofali kwa panga za mwanga kufuata muziki. Ni mwepesi zaidi, na ukisha kuushusha kwa Steam na kuingia mara moja kwa intaneti, unaweza kucheza bila mtandao.

Simu ya pili ilikuwa fupi. Baba mmoja ameona miwani za bei rahisi sana Ulaya, anauliza kama shemeji yake anunue tano. Baba, usinunue mbele ya kujua jina la programu inayoziendesha. Desemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba inaacha Windows Mixed Reality, ambayo ndiyo iliyoendesha miwani za Acer, HP, Lenovo, Dell na Samsung. Toleo la Windows 11 linaloitwa 24H2, la mwaka 2024, limeiondoa kabisa. Aliyebaki kwenye toleo la 23H2 aliambiwa ataendelea na michezo ya Steam hadi Novemba 2026. Mwaka 2025 mhandisi mmoja alitoa programu ya bure inayoitwa Oasis inayozifufua, lakini inataka kadi ya Nvidia. Kwa hiyo ni nzima za mwili, na ndiyo maana ni rahisi. Ndugu zetu wa ng'ambo wanatuma kwa moyo mzuri, ila mara nyingine wanatutumia kile ambacho kwao kimekwisha.

Simu ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ni baba wa kambini, na alikuwa na hasira. Mtoto wake wa miaka tisa aliingia chumbani mle kwa pesa aliyopewa ya makala. Walimwekea mchezo wa bunduki. Alipiga kelele, akalala chini, na usiku ule hakulala. Mtoto huyo alitoka kijijini mwao usiku, chini ya risasi za kweli.

Wengine wataniambia kwamba watoto wetu wanacheza vita hata kwa vijiti. Ndiyo, lakini kijiti hakifuniki macho. Ndani ya miwani hakuna pa kugeuzia uso. Marekani, wanasaikolojia hutumia miwani hizi kuwatibu askari waliorudi toka Iraki, wakiwarudisha kidogo kidogo katika yale waliyoyaona, na mganga amekaa kando muda wote. Sisi tunafanya jambo hilo hilo kwa mtoto, bila mganga, kwa franka elfu moja. Kampuni ya Meta yenyewe haikubali akaunti ya mtoto aliye chini ya miaka 10 kwenye miwani zake.

Nilirudi kwa yule kijana nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu. "Yaya," akasema, "mchezo wa bunduki ndio unaoleta pesa."

Najua. Watu sita wanakula kwa chumba kile, na deni la ordinateri halijaisha. Hata hivyo nilimwomba autoe, na kama hawezi kuutoa wote, basi usichezwe kabla ya jioni na asiingie mtoto. Pia apanguse sifongo ya usoni baada ya kila mteja, kwa sababu ngozi inagusana na mpox bado tunaikumbuka.

Jana nilipita pale. Dirisha liko wazi, kuna kitambaa cheusi juu ya miwani, na ukutani ameandika kwa chaki: Miaka 10 kwenda juu. Juu ya bunduki hajanijibu bado.