Mchezo Mzuri, Hisa Zake Haziuzwi Peke Yake

League of Legends, mchezo wa kompyuta wa Riot Games ya Marekani ulioanza 2009, huchezwa bure. Timu mbili za watu watano hupigana kwa mashujaa wenye uchawi, kila moja ikipanga mbinu za kubomoa ngome ya wenzao. Faida hutokana hasa na mavazi ya mashujaa, yasiyoongeza nguvu vitani. Hapo Riot imepatia: mteja haondoki kwa kuonewa na wenye fedha.

Hata hivyo, mwenye mtaji mdogo asikurupuke. Tencent ya China ilinunua sehemu kubwa ya Riot 2011, ikamalizia 2015. Anayeutaka mchezo huu atanunua Tencent nzima, huko Hong Kong. Na Januari 2024 Riot ilipunguza wafanyakazi wapatao 530, ikikiri kuanzisha miradi mingi mno.