Tembeeni, Lakini Msinichangishe

MWIBA WA JUMAPILI
Na Bi Mdadisi

Kadi ilipita chini ya geti langu ikiwa imefungwa utepe wa kijani. Nikadhani ni harusi, maana bahasha zote zinazoingia kwangu siku hizi zinatafuta hela. Kufungua, nikakuta familia moja ya Mbezi Beach, baba, mama na watoto wawili, "inaaga maisha ya jiji na kuanza safari yenye kusudi". Chini, kwa zile herufi ndogo: mtu mmoja elfu hamsini, wawili laki moja, malipo kwa Mwenyekiti wa Kamati.

Mwenyekiti huyo namjua. Tunamwita Mwenyekiti wa Kudumu; ndiye wa harusi moja iliyobakiza hela ambazo hazikusomwa kwenye kikao cha kuvunja kamati, na suti yake ya rangi ya maziwa ikaonekana wiki iliyofuata. Ameshasimamia harusi, ubarikio, kipaimara, na hata kumuaga mtu aliyekuwa anahamia Goba. Sasa amepandishwa cheo, anasimamia safari.

Niseme mapema, ili anayetaka kukunja gazeti alikunje. Anayetaka kutembea atembee. Barabara tumejenga wote. Ninachokataa ni mtu kwenda kutalii kwa hela yangu, halafu anitazame usoni aniambie anakwenda kuwakomboa watoto wa Kahama.

Jumamosi iliyopita nilikwenda ukumbini kwenye sherehe yao ya kuaga bila kulipa, kwa sababu ya pilau, na sioni haya kuliandika hilo. Mlangoni paliegeshwa gari lenyewe, Coaster iliyong'olewa viti vyote isipokuwa vya mbele. Ndani vitanda vya ghorofa, jiko la gesi, friji, feni tatu. Juu ya paa paneli za umeme wa jua. Ubavuni wamechorwa wanne wakitabasamu kuelekea Morogoro. Juu ya vichwa vyetu kidege cha kupigia picha kilikuwa kinazunguka kama nzi aliyekosa kifuniko cha chungu, na kila kiliposhuka mshereheshaji alituamuru tupunge mikono. Tukapunga. Mwafrika mbele ya kamera hana msimamo, hata mimi.

Baba akapanda jukwaani. Alikuwa mtu wa benki, na sasa ameacha kazi. Akasema amechoka. Amechoka foleni ya Mwenge, amechoka kelele, amechoka "kuishi bila kuishi". Mtu huyu hajasimama kwenye daladala tangu nimfahamu. Foleni anaitazama kupitia kioo kilichopandishwa, kiyoyozi kikiwa namba tatu. Aliyechoka foleni ni yule anayeamka saa kumi alfajiri Chanika awahi kuzibua vyoo vya Masaki, na huyo sijaona kadi yake yenye utepe.

Jiji lenyewe, kwa taarifa yenu, hajaliacha. Nyumba ya Mbezi imepangishwa, na kodi inalipwa kwa mwaka. Jiji ndilo litakalomtilia dizeli.

Tukafika kwenye kusudi. Watazunguka Dodoma, Singida, Mwanza, Kigoma, Mbeya, Songea, wateremke Mtwara na kurudi kwa njia ya Kilwa. Kila wanapolala wataingia shule ya kijiji, wagawe madaftari na kalamu, na "kuwahamasisha watoto wapende shule". Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikamgeukia mama niliyekaa naye meza moja, mtu wa ndani wa familia, nikamuuliza hawa wawili wa kwao wanasoma wapi, maana mkubwa najua yuko darasa la tano.

"Wameachishwa," akaninong'oneza. "Watajifunza njiani."

Nikaweka kijiko chini. Wamewatoa watoto wao shule ili waende kuwahimiza watoto wa wenzao waende shule. Nikatazama huku na huku nione nani amelisikia kama nilivyolisikia. Watu walikuwa wanapunga mikono kwa kidege.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 haina kipengele cha Coaster. Inataka mtoto aliyefika miaka saba aandikishwe, ahudhurie mpaka amalize elimu ya msingi, na mzazi anayezembea anaweza kufikishwa mahakamani. Vijijini jambo hilo si la maandishi tu. Mfugaji anayehama na ng'ombe, mtoto wake akakosekana darasani, anamjua mtendaji wa kijiji kwa jina na kwa sauti ya pikipiki yake. Akikaidi, anaitwa, anatozwa, anahubiriwa mkutanoni kwamba hajui thamani ya elimu. Mtoto wa Mbezi akikosekana darasani mwaka mzima, huko kunaitwa kuona dunia, na anafunguliwa chaneli.

Shangazi yangu wa Kilwa angesikia habari za "safari yenye kusudi", angecheka mpaka ushungi umtoke. Mumewe alikuwa mvuvi, na wavuvi wa pwani wanahama na pepo: kaskazi ikigeuka kuwa kusi, na kusi kuwa kaskazi, wanakwenda dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi ugenini. Anayebaki nyumbani anabaki, na anayekwenda na mke anakwenda naye. Shangazi alifunga mkeka, sufuria, ndoo, taa na gunia la unga, wakateremkia ufukwe wa watu wasiowajua, wakajitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji, wakalipa ushuru, wakasimamisha kibanda cha makuti. Mume baharini usiku wa giza kutafuta dagaa, mke juani mchana akiwachemsha na kuwaanika. Mbalamwezi ikitoka wanapumzika, maana dagaa hawafuati taa anga ikiwa nyeupe. Upepo ukigeuka wanafungasha.

Wenye kazi hiyo hasa ni Wakojani. Kisiwa chao kipo ubavuni mwa Pemba upande wa mashariki, kidogo, kimejaa watu. Utawakuta Tanga, utawakuta Mafia, utawakuta Mtwara, na wengine wanavuka mpaka wa Kenya na dago lao lilelile. Vizazi kwa vizazi wanaondoka nyumbani, baadhi na familia zao, na kusudi lao linajulikana kabla jahazi halijatia nanga: kula. Sijawahi kuona Mkojani akikata keki ufukweni. Na watoto wao wanapokosa masomo, kila afisa anayepita anawatolea hotuba. Hotuba hiyo sasa itatolewa na mtu wa benki, akiwa na wanawe wawili wasiosoma amewasimamisha kando yake.

Mshereheshaji naye akaona tumechangamka, akaongeza chumvi. Akaifananisha Coaster hiyo na matembezi ya kuunga mkono Azimio la Arusha. Jamani! Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, mkuu wa nchi mzima, vumbi mpaka magotini. Mwaka huohuo kijana Seti Benjamin alikuwa anatoka Arusha kuja Dar es Salaam kwa miguu, akafia njiani. Hakuwa na friji.

Kama tunatafuta ndugu wa safari hii kwenye historia, mimi ningeitaja Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Wakati ule watu wa Dar es Salaam walisimamishwa mitaani, asiye na kitambulisho cha kazi akapakiwa kwenye gari na kupelekwa kijijini akalime. Nao waliaga maisha ya jiji. Nao walikuwa na kusudi, ila lilikuwa la serikali. Wengi walirudi kabla jembe halijazoea mkono, na wajukuu zao ndio wanaotuuzia maji ya chupa kwenye foleni ya Mwenge.

Nirudi ukumbini. Baba alisema kilichomgusa ni familia moja ya Argentina, akina Zapp. Hao nawajua, nimewasoma. Herman na Candelaria Zapp waliondoka Buenos Aires Januari 2000 kwenye gari la mwaka 1928, Graham-Paige, wakitaka kufika Alaska. Walidhani ni kazi ya miezi. Walirudi nyumbani Machi 2022, nchi 102, kilomita kama 362,000, na watoto wanne waliozaliwa humohumo ndani ya miaka hiyo. Gari lao likikimbia sana halifiki sitini kwa saa. Sina ugomvi nao hata chembe. Hela zilipowaishia njiani walitafuta cha kuuza, wakauza kitabu walichokiandika wenyewe, na walilala kwa watu waliowafungulia milango. Walisema waziwazi kwamba wanafuata ndoto yao. Ndoto yao, si ya mtoto wa Kigoma. Mtu akiniambia anataka kuona ziwa Tanganyika likikutana na jua la jioni, nitamfungia maandazi ya njiani. Kinachoharibu ni hizi simu. Mtu wetu hawezi tena kwenda mahali akarudi akanyamaza; lazima awe na watazamaji, na watazamaji wanataka masikini katikati ya picha.

Fikirini mwalimu mkuu wa hizo shule. Ana darasa moja lenye watoto mia, kipindi cha hesabu kinaendelea, inaingia Coaster na kidege. Watoto wanatolewa nje, wanapangwa mstari, wanafundishwa wimbo wa kumkaribisha mgeni, wanakabidhiwa daftari moja moja taratibu ili picha itoke. Hesabu imekwisha. Kalamu zenyewe zingetumwa kwa basi na risiti ikarudi siku ya pili.

Jumapili asubuhi, siku moja kabla hawajaondoka, geti langu likagongwa. Alikuwa dada wao wa kazi, ameshika daftari la michango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Nimetumwa. Wanasema waliokula bila kuchangia wako wachache, na wewe umo."

Nikamkaribisha kivulini. Kwenye ubavu wa gari nilihesabu watu wanne, kwa hiyo nilimuuliza kama kazi ndiyo imeisha. Akanishangaa. Anakwenda nao, nani atawafulia? Kitanda chake ni kile cha chini, karibu na mtungi wa gesi. Nikamuuliza kwao wapi. Singida. Na shule? Aliishia darasa la sita, akaletwa mjini kulea mtoto, huyuhuyu aliyeachishwa akiwa la tano. Alisema bila uchungu, kama anayenitajia bei ya nyanya.

"Singida si mtapita?"

"Tutapita, mama. Kuna shule watagawa madaftari." Akatazama getini, akashusha sauti. "Mimi nitashukia hapo. Begi langu nimeliweka juu juu."

"Wanajua?"

"Hawajaniuliza."

Nikaingia ndani, nikatoka na kitu nilichokuwa nimekikunja, nikamwambia hicho asikiandike daftarini.

Ijumaa, Mwenyekiti wa Kudumu akapiga simu, sauti imemkauka. Safari imekwama. Yule binti amewatoroka Singida bila shukrani yoyote, mama wa watu anafua mwenyewe, watoto wanalia, baba ana mafua ya vumbi. Kamati imekaa kwa dharura na kuomba kila mwanachama aongeze elfu ishirini atafutwe msichana mwingine, ikiwezekana wa hukohuko, ni rahisi zaidi.

Nikamwambia mchango wangu wa safari ile nilishautoa Jumapili, na taarifa nilizonazo ni kwamba umefika salama.