Moyo wenye kovu: kabla hatujauliza nani amemloga

Kijana mwenye nguvu akianguka uwanjani na kufa, kuna swali linalosikika hata kabla ya maziko: nani amemloga? Nimelisikia kwenye kilio zaidi ya mara moja. Nimeona jamaa mbili za ushirika mmoja zikiacha kusalimiana kwa sababu yake. Ndiyo maana naomba tuangalie utafiti uliotoka Uingereza mwaka 2025, hata kama unahusu watu walio mbali nasi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwafuata wanaume 106 waliopita umri wa miaka 50, waendesha baiskeli na wale wa mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio kwa pamoja. Walikuwa wamefanya mazoezi saa 10 au zaidi kila juma kwa miaka 15 au zaidi, na hakuna aliyejulikana kuwa na ugonjwa wa moyo. Walipigwa picha za moyo kwa mashine ya sumaku, kisha wakawekewa chini ya ngozi ya kifua kifaa kidogo kinachoandika mapigo usiku na mchana. Karibu nusu yao walikutwa na kovu ndani ya moyo. Mmoja hivi kati ya watano alipata mapigo ya kasi ya hatari kutoka vyumba vya chini vya moyo, na hayo yaliwapata zaidi wale wenye kovu.

Moyo ni msuli. Pahali palipopona kwa kovu hapajikunji kama msuli, wala hapapitishi vizuri ule umeme mdogo unaouamuru moyo kupiga. Umeme ukifika hapo unatafuta njia ya pembeni, na mara nyingine unanaswa ukizunguka kovu lenyewe tena na tena. Basi moyo unapiga mbio kupita kiasi, haupati nafasi ya kujaa damu, na ubongo unakosa damu. Mtu anazimia katika sekunde chache. Wanaotazama hawaoni jeraha wala damu, na hapo ndipo neno la ulozi linapopata mlango.

Tena moyo wa namna hiyo unaweza kuonekana mzuri kabisa. Mazoezi ya miaka mingi yameupanua, unapiga polepole wakati wa kupumzika, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja. Kovu dogo linakaa humo na kazi ya moyo haipungui.

Lakini tusikimbilie mbele. Wale walikuwa wanaume wazima wa Uingereza wanaojichosha kwa hiari. Habari yao haiwezi kuvutwa mpaka kwa mama anayepanda mlima na mzigo wa mihogo, au kwa kijana wa chukudu pale Goma. Wala si kila kifo cha uwanjani kinatoka kwa kovu la mazoezi. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha msuli wa moyo ulionenepa, ugonjwa ambao mara nyingi mtu anarithi. Na mzee mwenye shinikizo la damu asifanye habari hii kuwa sababu ya kukaa kitini! Shirika la Afya Duniani linaomba angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa juma, na hizo ziko mbali sana na saa 10.

Kinachonisumbua mimi ni vijana wetu wanaocheza wakiwa na homa, kwa kuwa timu ya mtaa wa pili imekuja. Virusi vinaweza kuuvimbisha msuli wa moyo, na uvimbe ukipona unaweza kuacha kovu. Mwenye homa abaki nyumbani. Aliyezimia katikati ya mbio, au aliyefiwa ghafla na ndugu kijana, apelekwe hospitali apimwe umeme wa moyo kabla ya kurudi uwanjani.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake ulisimama dakika 78, na yu hai. Wenye ujuzi walianza mara moja kumkandamiza kifua, na mashine ya kushtua moyo ilikuwa karibu. Mashine hiyo hatuna kwenye viwanja vyetu, lakini mikono tunayo: mtu asiyejibu na asiyepumua kawaida, akandamizwe katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, wengine wakitafuta gari.

Katika parokia yetu, mashindano ya vijana ya likizo yataanza na saa moja ya mafunzo hayo. Muuguzi wa kituo cha afya amekubali kuja, na wazee wa kanisa watakaa mstari wa mbele pamoja na vijana.