KONA YA MWALIMU: Pikapu nyepesi au nzito? Tupige hesabu kwanza

Mwezi uliopita tuliongea juu ya daftari la akiba, na wengi mlitusimamisha njiani kusema limewasaidia. Mwezi huu tunaleta hesabu ya gari. Msicheke. Tunajua hapa kambini hakuna kati yetu mwenye gari. Lakini sikieni kwanza ilivyoanza.

Kuna familia 12 zinazotoka upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, kule Burundi. Zimeweka akiba miaka mingi, kidogo kidogo, na watoto wao walioko Marekani wameahidi kuongeza. Siku wakirudi nyumbani wanataka kununua pikapu moja ya kikundi, ya kubeba mawese kwenda sokoni. Shida ni kwamba hawaelewani. Vijana wanataka Hilux, wazee wanataka Land Cruiser ya pikapu. Kikao cha mwisho kilivunjika, na mama mmoja akasema afadhali arudishiwe hisa zake. Ndipo wakatuita sisi walimu.

Sisi siyo mafundi. Kwa hiyo tulikaa na mafundi wawili wa hapa kambini ambao walifanya kazi gereji kabla ya kukimbia. Mzee wa kikundi alianza: "Mwalimu mwanangu, chuma kizito ndiyo chuma." Fundi kijana akamjibu kwa heshima: "Ni kweli mzee, lakini tuulize kwanza kitabeba nini na kitapita wapi."

Jambo la kwanza lilitushangaza hata sisi. Wengi tunafikiri Land Cruiser inabeba mara mbili ya Hilux. Sivyo. Hilux ya kichwa kimoja inabeba karibu tani 1 au zaidi kidogo, na Land Cruiser ya pikapu ni hivyo hivyo. Nzito ni gari yenyewe. Sasa uzito wote huo wa chuma unafanya kazi gani?

Fundi alichora chini kwa kijiti. Kwenye Hilux, shafti ya nyuma inafanya kazi mbili: inazungusha tairi, na papo hapo inabeba uzito wa mzigo. Kwenye Land Cruiser ya pikapu, shafti inazungusha tairi tu. Uzito unabebwa na nyumba ya ekseli iliyofunika ile shafti. Mbele nako, Land Cruiser ina ekseli nzima inayounganisha tairi mbili, wakati kwenye Hilux nyingi kila tairi ya mbele inacheza peke yake. Ya Hilux ni laini kwenye lami, lakini ina viungo vingi vinavyochakaa kwenye mashimo. Kwa hiyo gari nzito haikuletei mzigo mkubwa zaidi. Inabeba mzigo ule ule kwenye njia mbaya kwa miaka mingi zaidi.

Injini nazo ni hivyo. Land Cruiser nyingi za huku kwetu zina injini inayoitwa 1HZ, iliyoanza mwaka 1990. Ni lita 4.2, silinda 6, haina taabo, na pampu yake ya dizeli ni ya mitambo mitupu. Fundi wa kijijini anaifungua na kuifunga. Hilux za zamani zenye injini ya 3L au 5L nazo zina pampu ya namna hiyo. Lakini Hilux za dizeli za kuanzia mwaka 2005 nyingi zina mfumo wa presha kubwa unaoongozwa na kompyuta. Zina nguvu na hazili mafuta sana, ila dizeli ya kwenye madumu, yenye maji na uchafu, inaua nozeli zake haraka. Ukiwa na gari ya namna hiyo, filta siyo kitu cha kuahirisha.

Na mafuta? Kwa kawaida Hilux ya dizeli inakula lita 8 hadi 10 kwa kilomita 100. Ile 1HZ inakula 12 hadi 15, hata ikiwa tupu. Mnakumbuka ndugu zetu walivyotuelezea foleni za mafuta kule Burundi mwaka 2024. Gari imara isiyo na mafuta ni banda la kuku.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, watoto wa darasa la 5 wanaweza kuifanya. Kwenye mlango au ndani ya boneti kuna kibati kinachoonyesha uzito wa mwisho unaoruhusiwa, gari na mzigo pamoja. Tuseme kimeandikwa kilo 2,800, na gari tupu ni kilo 1,700. Inabaki 1,100. Toa dereva na watu 2, kila mmoja kilo 65: ni 195. Toa vyuma vya kuzuia mzigo nyuma, kilo 80. Zinabaki kilo 825. Dumu la mawese la lita 20 lina karibu kilo 19. Gawanya: ni madumu 43. Siyo 44, na siyo 60.

Hapo mama mmoja akauliza: "Si tunaongeza springi tu?" Wengi tunafikiri hivyo. Lakini springi zikiongezwa, breki ni zile zile, shafti ni ile ile, chesisi ni ile ile. Gari haiinami tena nyuma, basi inatudanganya kwamba imekubali.

Hili tunalisema kwa uchungu. Jamaa zetu waliotangulia kurudi mwaka 2018 walinunua pikapu nyepesi kwa pesa ya kikundi. Ilikuwa nzuri. Wakaongeza springi, wakapakia karibu mara mbili, kila wiki, kwenye njia ya mlima. Mwezi wa 7 chesisi ikapasuka nyuma ya kichwa. Walipeleka kuchomelea mara mbili, mara ya tatu wakaiuza kama chuma chakavu. Waliosimamia ununuzi hawasalimiani na wenzao mpaka leo. Walilaumu gari. Lakini hata ile nzito ingepakiwa namna hiyo, isingefika mbali.

Basi turudi kwa familia zetu 12. Tuliwauliza maswali matatu. Mtabeba nini kila siku, siyo siku moja ya sikukuu? Mtapita wapi? Na ikiharibika, fundi na spea viko umbali gani?

Wakajibu wenyewe. Mzigo ni madumu 40 hivi. Michikichi yao iko chini kwenye tambarare ya ziwa, ambako barabara kubwa inatoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac. Spea za Hilux zinapatikana mjini. Kwa hiyo tuliona nyepesi inawatosha, na pesa inayobaki iwe ya tairi, filta na matengenezo. Wangetuambia kwamba watapanda vilimani kufuata mihogo kila siku kwenye mawe na matope, tungesimama na mzee, tungesema ngojeni, ongezeni akiba, nunueni nzito. Na kama mnataka kubeba tani 2, msinunue pikapu yoyote. Tafuteni lori dogo kama Canter.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Nimekubali, lakini iandikwe." Ikaandikwa kwenye daftari la kikundi, na wote 12 wakaweka kidole: madumu 43, hata akija shemeji wa mwenyekiti na dumu lake moja. Yule mama aliyetaka hisa zake naye aliweka kidole, akaomba awe ndiye atakayehesabu madumu.

Ndugu wasomaji, hatujui kila familia itasafiri lini. Lakini pesa ya kikundi inapotea mapema, kwenye kikao ambacho hakuna aliyepiga hesabu. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea juu ya kukagua gari iliyotumika kabla ya kutoa pesa. Wenye maswali tuleteeni darasani baada ya vipindi vya mchana.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.