Shule Haiui Moyo, Sindano Iliyorukwa Ndiyo Inaua

Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kuna neno linalosemwa kwa huruma kumbe linabomoa: "Huyu ni mgonjwa wa moyo, mwacheni akae." Kijana akigunduliwa kuwa na homa ya baridi yabisi, ile tunayoiita rumatisimu tu, ukoo unaamua bila yeye. Pesa ya minervali anapewa mdogo wake. Mpira marufuku. Akiwa msichana, wachumba wanaonywa pembeni. Naikataa imani hii kwa sababu ni ya uongo, na kwa sababu nyumba ileile inayomkalisha kijana ndiyo inayomwachisha sindano za kinga siku magoti yanapoacha kuuma.

Tuangalie ugonjwa wenyewe. Mtoto, mara nyingi wa miaka 5 hadi 15, anaumwa koo la vijidudu, na nani hushughulika na koo? Wiki mbili tatu baadaye goti linavimba, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Kwa kuwa maumivu yanahama, majirani wanasema amelishwa sumu ya karuho. Viungo hupoa vyenyewe baada ya wiki chache, na sifa zinamwendea aliyemwombea au aliyemchanja. Lakini vali za moyo, milango inayopitisha damu, huenda zimeshambuliwa na mwili wenyewe zikabaki na makovu, na kila koo la vijidudu vilevile likirudi, mwili unaweza kuzishambulia tena. Darasa halina kosa hapo.

Kinga ya ugonjwa huu usirudi ni benzathini penisilini, sindano ya kila wiki 3 au 4, kwa miaka 5 au 10, wengine zaidi. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuata watoto 818 ambao ekografi ilionyesha vali zao zimeanza kuguswa. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa kila mwezi, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Matokeo yalitangazwa 2021. Gulu si Ulaya. Ni mji wa majirani zetu, nao umejua vita kama sisi.

Najua jibu litakalokuja: vita. Ni kweli, familia zinazokimbia kutoka Eringeti na Oicha hulala watu wengi chumba kimoja, na koo huenea hapohapo. Karatasi ya matibabu inabaki kwenye nyumba iliyoungua. Lakini wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, chanjo iliyohitaji baridi ya nyuzi 60 na zaidi chini ya sifuri ilifika Mangina, ilifika Katwa, barabara zikiwa hizihizi. Penisilini hii ni unga unaokaa kabatini bila friji. Ikikosekana senta ya afya, wakubwa wa zoni waulizwe kwa nini, na waulizwe hadharani.

Simaanishi kwamba kila moyo unaweza kila kitu. Anayehema akipanda kilima, au anayevimba miguu, apunguze chumvi na makayabo, na daktari ampimie kazi. Msichana apimwe moyo kabla ya kushika mimba, maana mimba humwongezea moyo mzigo, na vali iliyobana sana inaweza kumuua mama. Hayo aamue daktari mwenye ekografi mkononi, si mashangazi. Wengi ambao vali zao zimeguswa kidogo wanaweza kusoma, kucheza, kuoa na kuzaa.

Sindano inauma, na vijana wengi huiacha kwa sababu hiyo tu, kisha tunawaita wakaidi. Mwuguzi anaweza kuichanganya na lidokaini na kuisukuma polepole. Naye mkuu wa shule amruhusu mwanafunzi kutoka asubuhi moja kila mwezi, bila kumwandikia utoro.